Shingo Inaanza Kuchoma Saa Nane Mchana

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa watu wanaofanya kazi wakiwa wameinama. Kwa wageni wa safu hii: nilikuwa mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali ya serikali kwa miaka 27. Sasa nimestaafu, napokea wagonjwa wachache kwenye chumba cha uani nyumbani kwangu, Tanga. Vifaa vyangu ni kitanda, kioo kirefu na tyubu kuukuu za baiskeli nilizozichana zikawa mikanda ya mazoezi. Anayetafuta mashine zenye taa asipoteze nauli.

*Shikamoo Bibi. Mimi ni fundi cherehani, mwanamke wa miaka 43, nina kibanda sokoni Morogoro. Nashona tangu nikiwa na miaka 19. Mwaka wa pili huu shingo na bega la kulia vinachoma. Kila siku kunaanza mnamo saa nane mchana, hadi jioni ni kama mtu kanibandika kaa la moto kati ya shingo na bega. Jumapili kunapungua, Jumatatu mchana kumerudi. Nilipiga eksirei nikaambiwa pingili za shingo zimesagika. Diklofenaki nimemeza mpaka tumbo limeanza kuuma. Naambiwa nikae wima, lakini nikikaa wima sioni ninachoshona. Niache kazi?*
Fundi M., Morogoro

Marahaba mwanangu. Kazi usiache.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilichukua kalamu nikapigia mstari "sioni ninachoshona". Umelitaja mwishoni kama jambo dogo. Mimi naona ndiyo barua nzima.

Una miaka 43. Ukishafika 40 na ushei, lenzi ya jicho inakakamaa, na kitu cha karibu kinaanza kufanya ukungu. Hakuna aliyesalimika, ni kama mvi. Msomaji wa gazeti hulisogeza gazeti mbali kidogo, maisha yakaendelea. Wewe kitambaa chako kiko chini ya sindano, hakisogei. Kwa hiyo kinachosogea ni kichwa: kinakwenda mbele ili mshono uonekane mkubwa, kinarudi nyuma ili uonekane wazi, kinainama upande ili kivuli kiondoke. Shingo ndiyo inayolipa hizo safari zote.

Nijibu maswali mawili, ujijibu mwenyewe tu. Ukitunga uzi kwenye sindano, mkono unaunyoosha mbali na uso? Au siku hizi kazi hiyo umemwachia yule binti unayemfundisha? Na la pili: taa ya kibanda chako iko wapi? Nimeingia vibanda vingi vya mafundi, na mara nyingi balbu inaning'inia nyuma ya fundi, kwa hiyo kivuli cha kichwa chake mwenyewe kinaangukia sindano. Ongeza kitambaa cheusi au kile cha buluu iliyoiva cha sare za shule, ile kazi ya Desemba na Januari inayowakesha, halafu uniambie nani atakaa wima.

Kwa hiyo kabla ya mazoezi, nenda kliniki ya macho upimwe. Huenda ukahitaji miwani ya kusomea yenye nguvu ndogo tu. Waambie unashona, na uwapimie kwa mkono umbali wa jicho lako hadi sindano, kwa sababu wasipojua watakupa ya kusomea kitabu. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu wachuma chai wa Assam, India, wenye miaka 40 na zaidi. Waliopewa miwani ya kuonea karibu, uchumaji wao uliongezeka kwa takriban asilimia 22 zaidi ya wenzao ambao hawakupewa. Chai na cherehani ni kazi mbalimbali, najua. Jicho ni lilelile. Taa nayo ihamishe ije mbele yako, upande wa kushoto, iwe chini kidogo kuliko paji la uso isikuchome macho.

Sasa hilo kaa la moto. Kichwa cha mtu mzima kina kilo nne na nusu hivi, tano. Chukua mfuko wa sembe wa kilo 5 uukumbatie kifuani: utapiga soga nao hata nusu saa. Sasa unyooshe mikono mbele ukiwa umeushika huohuo. Dakika haiishi. Uzito haukuongezeka, umesogea mbele tu. Kichwa kikiinamia sindano, misuli ya nyuma ya shingo inakishikilia vilevile, na msuli uliokaza bila kulegea unajibana mishipa yake ya damu. Msuli unaotembea unakaza na kulegea, damu inaingia na kutoka. Msuli unaoshikilia tu unakaa na njaa. Saa mbili asubuhi huusikii. Ikifika saa nane mchana unakuja kudai.

Ndiyo maana sikuungi mkono katika hilo la "kukaa wima". Wanaokushauri wana nia njema, lakini mtu aliyekakamaa wima kwa saa tano naye anashikilia, na yeye ataniandikia barua. Nimetibu askari wa gwaride. Mgongo haumchoshi mtu kwa kupinda, unamchosha kwa kubaki palepale.

Tuje kwenye meza. Keti, mikono ining'inie, kisha kunja viwiko. Kiwiko kiwe usawa wa meza ya cherehani au chini yake kwa vidole viwili. Kikiwa chini sana, utashona mabega yakiwa yamepanda masikioni siku nzima bila kujijua, na bega la kulia ndilo litakalotangulia kulia kwa kuwa ndilo linaloongoza kitambaa. Mafundi wengi wanakalia kiti cha plastiki cha wateja, ambacho ni kifupi. Usinunue kiti kipya. Kunja doti ya kanga ukalie, jaribu siku mbili, ongeza au punguza, ukishapata kimo chako ndipo umwendee seremala na kipimo mkononi.

Kisha weka vipande viwili vya mbao chini ya miguu ya nyuma ya cherehani, unene wa vidole viwili au vitatu, ili meza iinamie kwako kidogo. Hili linawashangaza watu, lakini jaribu kusoma daftari lililolala mezani, kisha uliinue kwa nyuma, uone shingo yako inavyonyanyuka yenyewe. Pigilia ubao mbele ya miguu ya mbele, maana sakafu ya saruji inateleza na pedali itakukimbia.

Jambo la kuinuka nimelifikiria sana, kwa sababu najua ukiambiwa "inuka kila nusu saa" utasema ndiyo Bibi, na wateja wakisimama mlangoni utasahau. Kwa hiyo usitazame saa. Tumia bobini. Kila bobini ikiisha uzi, simama ndipo uijaze. Na pasi iondoe hapo pembeni yako, uiweke upande wa pili wa kibanda kwenye meza ya kusimamia. Sketi mbili ukishazimaliza, nenda ukazipige pasi, urudi. Mnapenda kushona zote kumi na mbili kwanza kisha kupiga pasi zote, mnasema ndiyo haraka. Ni haraka mpaka saa nane.

Zoezi nakupa moja tu, kwa sababu nikikupa matano hutafanya hata moja. Tafuta tyubu ya baiskeli kwa fundi wa baiskeli, ichane kwa urefu. Ikanyage katikati kwa miguu, shika ncha mbili, inua mikono pembeni mpaka usawa wa mabega, shusha taratibu. Viwiko vimekunjika kidogo. Fanya dakika mbili kila siku, usipitilize. Denmark waliwajaribu wafanyakazi wa ofisini wenye maumivu ya shingo na mabega, matokeo yakachapishwa mwaka 2011: dakika mbili kwa siku na mpira wa kuvuta, kwa wiki 10, zilipunguza maumivu. Wiki ya kwanza misuli itauma kwa namna nyingine, ya uchovu. Hiyo isikutishe.

Diklofenaki acha, na hilo tumbo likaangaliwe. Eksirei ya mtu wa miaka 43 kuonyesha pingili zimesagika ni kama picha ya uso wake kuonyesha makunyanzi. Ningeshangaa kama isingeonyesha kitu. Lakini mkono ukianza kuwa dhaifu, vitu vikawa vinakuponyoka, au ganzi ikashuka hadi vidoleni na kukaa, nenda hospitali bila kusubiri jibu langu.

*Assalaam aleikum Bibi. Mimi ni kijana wa Kisauni, Mombasa, napika chapati na maharagwe ya kuuza. Kiuno kinaniuma zaidi asubuhi. Naamka saa kumi alfajiri, nateremka kitandani moja kwa moja nakanda unga kwenye beseni chini, kisha nasukuma kwenye kibao nikiwa kwenye kigoda. Jiko pia liko chini. Kufika saa moja siwezi kusimama wima mpaka nishike ukuta.*
Mpishi, Mombasa

Waaleikum salaam mwanangu. Wewe umenikumbusha marehemu mama. Alikuna nazi kwenye mbuzi kila siku ya maisha yake, amekaa upande, mkono mmoja unazungusha kifuu, na uzeeni alitembea akiwa ameinamia kushoto kama mti wa ufukweni. Tulidhani ndivyo alivyoumbwa.

Kosa lako kubwa ni lile la saa kumi. Kati ya pingili za mgongo kuna diski, na ndani yake kuna maji mengi. Mchana uzito wa mwili unayakamua, usiku ukilala zinayafyonza tena zinajaa. Ndiyo maana mtu anapoamka huwa mrefu kuliko alivyolala, sentimita moja hivi au zaidi. Diski iliyojaa ni ngumu kupinda. Wewe unatoka kitandani na kuipinda palepale, kwa nguvu ya kukanda unga, kwa nusu saa. Marekani waliwahi kuwaambia wagonjwa wa kiuno wajizuie kuinama saa za kwanza baada ya kuamka, na maumivu yakapungua. Hawakupewa dawa yoyote.

Kwa hiyo geuza mpangilio. Ukiamka, washa mkaa, injika maharagwe, teka maji, panga sahani, fanya yote ya kusimama na kutembea. Unga uje baadaye, na uje juu. Beseni liwe juu ya meza inayofika usawa wa nyonga zako, ukande umesimama, mguu mmoja mbele, usukume kwa uzito wa mwili badala ya mikono. Kibao nacho mezani. Jiko liinue kwa matofali mpaka usiwe unainama kugeuza chapati, ila lisiyumbe, mafuta ya moto hayana msamaha.

Wateja watasema chapati ya kigodani ni tamu zaidi. Waache waseme.

*Bibi, mimi ni mpagazi Kariakoo, nabeba magunia. Je, mkanda wa kiuno unasaidia? Na nielekeze namna sahihi ya kunyanyua, maana wengine wanasema piga magoti, wengine wanasema mgongo unyooke.*
A., Dar es Salaam

Kaka, mkanda kwanza. Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti mkubwa wa Marekani uliofuatilia wafanyakazi zaidi ya 9,000 wa maduka, wanaobeba na kupanga bidhaa. Waliovaa mkanda kila siku waliumia mgongo sawa na wasiovaa. Ukiupenda kwa joto lake, vaa. Usibebe zaidi kwa sababu umeuvaa, maana hapo ndipo unapomponza mtu.

Namna ya kunyanyua: mzigo uwe karibu na tumbo, miguu ipishane, na ukitaka kugeuka geuka kwa miguu badala ya kiuno. Magoti yakunje kiasi kinachokufaa. Hayo ndiyo ninayoyajua na nimeyafundisha miaka yote.

Lakini sitakudanganya. Wamarekani wana kanuni ya kukadiria mzigo, na inaanzia kilo 23 ikishuka, hapo ni mzigo mzuri, wenye mshikio, usio chini sana, usiobebwa mara kwa mara. Shirika la Kazi la Kimataifa mwaka 1967 lilipendekeza mwanamume mzima asizidishe kilo 55. Gunia la lumbesa linavuka 100, na juu limeshonewa kilemba. Hakuna mkao wa binadamu unaolifanya hilo kuwa salama, na mtaalamu anayekufundisha "mbinu sahihi" ya kubeba lumbesa anamsaidia mwenye gunia. Lumbesa imepigwa marufuku kisheria, kila mtu sokoni anajua, na kila mtu sokoni anaiona. Bebeni wawili wawili. Mkokoteni usogezwe mpaka mlangoni hata kama tajiri anaona ni kuchelewa. Na gunia lianzie kwenye benchi au kitanda cha mkokoteni badala ya chini: nusu ya kazi ya mgongo iko katika kulitoa sakafuni.

Baba yangu alikata mkonge huku Tanga ujana wake wote. Alikufa na miaka 81, mgongo mzima. Nilimuuliza siri, akasema hakuna siri, alikuwa akinoa panga mara nyingi kuliko wenzake. Nilikuwa chuoni Moshi nilipoelewa kwamba kila akinoa alisimama.

*Dada, nafanya kazi na kompyuta ya mapajani kutwa, shingo inauma. Nimepakua programu inayonilia kila dakika 20 nikae vizuri, imenichosha.*
J., Nairobi

Ifute. Kompyuta ya mapajani ina kasoro ya kuzaliwa: kioo kikiwa pazuri, herufi ziko pabaya. Nunua kibodi na kipanya vya kuchomeka, kisha ipandishe kompyuta juu ya rimu mbili za karatasi mpaka ukingo wa juu wa kioo ufike karibu na macho. Simu ukiipokea, pokea unatembea. Maji ya kunywa yaweke mbali na meza, kwenye glasi ndogo. Na kama una pochi mfuko wa nyuma, itoe kabla ya kukaa. Nimewatibu madereva wawili wa daladala waliokuwa wamekalia vitambulisho na risiti za miaka minne, ganzi ikawashuka mguu mmoja. Dawa yao ilikuwa kuhamisha pochi.

*Bibi shikamoo. Baba yetu ana miaka 58, ni mkulima wa jembe la mkono, Handeni. Mgongo unamuuma miezi minne sasa, katikati, mahali pamoja. Usiku ndio zaidi, hata akiwa amelala. Anatokwa na jasho usiku na amekonda, tunadhani kwa sababu hali vizuri. Wiki hii anasema miguu mizito. Tunamkanda kwa mafuta ya moto na tumemfunga mkanda. Tumfundishe kulima vipi ili apone?*
Watoto wake

Marahaba wanangu. Sitawafundisha kulima.

Maumivu ya kazi yana tabia zake: ukifanya kazi yanapanda, ukipumzika yanashuka, kama ya yule fundi wa Morogoro na Jumapili yake. Maumivu ya baba hayajali kama amelima au amelala. Jasho la usiku, kukonda, mahali pamoja palepale, na sasa miguu mizito. Kifua kikuu kinaweza kuingia kwenye pingili za mgongo, hata kwa mtu asiyekohoa hata kidogo, na kwetu si jambo la nadra. Inaweza pia kuwa kitu kingine. Yote hayo yanapimwa hospitali, na hakuna hata moja linalotibiwa na mikono yangu wala mafuta yenu.

Mwaka wangu wa tatu kazini nililetewa mwanamume wa namna hii. Nilimkanda na kumfanyisha mazoezi wiki tatu kabla sijamwambia daktari kwamba hapati nafuu. Alipona, dawa za kifua kikuu zilimponya, lakini anatembea na fimbo, na zile wiki tatu ni zangu.

Miguu imeshaanza kuwa mizito, kwa hiyo mpelekeni siku mnayosoma hapa, hospitali ya wilaya au ya mkoa, siyo zahanati. Asipakiwe kwenye bodaboda. Tafuteni gari alale kiti cha nyuma. Mkifika semeni neno kwa neno mlivyoniandikia: usiku, jasho, kukonda, miguu. Mkiulizwa kuhusu mkojo, kama unamzuia au unamtoka, msione haya kujibu, swali hilo ni kubwa kuliko yote. Matibabu ya kifua kikuu katika hospitali za serikali ni bure, kwa hiyo msingoje kuuza mahindi. Mafuta yaacheni, msimkande tena hata akiomba.